Mwenye Kisangani Ni Nani?

Katika mji wetu liko swali moja fupi ambalo siku hizi limekuwa na makali ya panga. Swali lenyewe ni hili: "Wewe ni mtu wa wapi?" Zamani lilikuwa swali la salamu. Msafiri aliyeshuka mtumbwini akiulizwa hivyo, alijua kwamba baada ya jibu lake ataonyeshwa mahali pa kuketi na atapewa maji ya kunywa. Leo mtu akiulizwa sokoni, ofisini au mlangoni pa nyumba ya kupanga, anajua kwamba anapimwa. Akitaja kabila moja, chumba kipo. Akitaja jingine, ataambiwa kwamba kimepata mtu tangu jana.

Wasomaji wetu, hatuandiki habari hii kwa kupenda ubishi. Twaiandika kwa sababu tumeona mwisho wa swali hilo. Mwezi wa Februari 2023, ng'ambo ya mto, katika komini ya Lubunga, Wambole na Walengola walianza kuuana. Hao si watu wa nchi mbili. Wamekaa jirani tangu wazee wao, wameoana, wamezikana, wameuziana samaki na mihogo katika soko moja. Chanzo cha ugomvi kilikuwa ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo, na kila upande ukadai kwamba ni ardhi ya babu zake. Nyumba zikachomwa. Mamia ya watu wakafa, na maelfu wakakimbia, wengi wakivuka mto na watoto mgongoni na sufuria kichwani, wasijue watalala wapi. Basi twauliza: ikiwa Mmbole na Mlengola waweza kuitana wageni hata kumwaga damu, nani kati yetu atasalia kuwa mwenyeji?

Wako wanaojibu upesi: "Sisi ni wenyeji. Wengine warudi kwao." Wasemao hivyo si wabaya wote. Wengine ni watu wema, wanaosali pamoja nasi Jumapili, lakini wameogopa. Twataka kuwajibu kwa heshima, lakini pia bila kuficha neno.

Tuutazame kwanza mji wenyewe. Kwenye maporomoko walikuwako Wagenia, wavuvi wenye kusimamisha miti mikubwa katikati ya mawe na kutega vikapu vyao mahali ambapo mtu mwingine hathubutu kutia mguu. Walikuwako Wakumu wa msituni, na Walokele waliopanda na kushuka mto kwa mitumbwi yao, wakipelekeana habari kwa ngoma. Ndipo wakaja watu wa mbali. Stanley alipita hapa mwaka 1877, na mwezi wa Desemba 1883 akaweka kituo. Watu wa Tippu Tip walifika kutoka pwani na Manyema, na mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip kuwa liwali wa maporomoko haya. Walikuja kutafuta pembe na watumwa. Uovu huo haufichiki, wala hatuusifu. Lakini wajukuu wa waungwana wale, na wajukuu wa watumwa wao, ndio waliotuachia lugha hii ambayo twaandikia sasa. Nanyi mnaosoma, katika lugha hii mmejifunza sala zenu.

Mwaka 1897 alifika Padre Gabriel Grison, Mfaransa, wa Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Yeye naye alikuwa mgeni. Baadaye ikajengwa reli ya kwenda Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ikaleta wafanyakazi na makarani. Wakaja Wagiriki, Wareno na Wahindi wenye maduka. Wakaja Watopoke, Watetela, Wabudu, Waluba. Wakaja Wanande wa Butembo na mizigo yao ya biashara. Mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, kisha ukachukua jina la Kisangani, jina ambalo lenyewe lina umbo la Kiswahili.

Waondoeni sasa wote waliotoka mahali pengine. Ondoeni na kila walichokileta. Mtabaki na nini? Mtabaki na maporomoko, na Wagenia wakitega samaki. Na hata hao, wazee wakikaa kusimulia habari za ukoo, watawaambia kwamba babu zao nao walitoka mahali.

Hatuna budi kumtaja mtu mmoja zaidi, kwa kuwa kila mtu wa Kisangani humtaja kwa fahari. Patrice Lumumba hakuzaliwa hapa. Alizaliwa mwaka 1925 huko Onalua, upande wa Sankuru, katika Kasai. Alikuja hapa kijana kutafuta kazi, akawa karani wa posta. Katika uchaguzi wa Desemba 1959 chama chake kilipata ushindi mkubwa mjini, na mwezi wa Mei 1960 watu wa hapa wakamtuma Bungeni. Walijua kwamba ni Mtetela. Walimchagua kwa sababu alisimama pamoja nao. Leo mtu asemaye "wasio wa asili warudi kwao", na huku anajisifu kwamba Kisangani ni mji wa Lumumba, hajasikiliza maneno yake mwenyewe.

Lakini twasikia wengine wakisema: "Habari za zamani ni nzuri, lakini ardhi yetu inakwisha. Mtoto wangu atalima wapi?" Hili ni neno la kweli, na asiyelijibu hajasaidia mtu. Ardhi ni chakula, ni kaburi la wazazi, ni mahari ya watoto. Lakini tuangalie vizuri ni nani anayeitoa ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 imesema kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali. Kijijini, hata hivyo, watu wanaendelea kuishi kwa desturi: mzee wa ukoo anaonyesha mpaka kwa mti na kijito. Hivyo pana wenye mamlaka wawili juu ya shamba moja. Mtu mwenye fedha anakwenda mjini, anapata hati yenye mhuri. Huenda chifu mmoja ametia sahihi, na chifu wa pili hakuulizwa. Wanakijiji wanapata habari siku mashine inapokata msitu. Nao hawampati aliyetia mhuri, kwa maana yuko mbali. Wanampata jirani. Basi jirani analipa deni ambalo hakukopa.

Ndiyo maana twasema kwamba panga halirudishi hata kipande kimoja cha ardhi. Ukimfukuza Mlengola au Mmbole, hati ingali kabatini. Dawa ya ugomvi wa ardhi ni kuandika mipaka mapema, wazee wa pande zote mbili wakiwapo. Hati yoyote isitolewe kabla ya kuwauliza watu wanaolima mahali pale, na hakimu asikilize bila kufunguliwa bahasha. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchoma nyumba. Lakini kuchoma nyumba kumekwisha jaribiwa, na matunda yake tumeyaona.

Wengine wana neno zito zaidi. Wanasema: "Nyinyi mwasahau vita. Watu wa nje walikuja wakatuua." Hatusahau. Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, wala sisi hatukuwa na ugomvi wao. Maelfu ya makombora yaliangukia nyumba, shule na makanisa. Mamia ya raia walikufa, na wengine walizikwa uani kwa sababu njia ya makaburi ilikuwa ya risasi. Mtu atakayetuambia tusahau siku zile sita, hatutamsikiliza.

Lakini kukumbuka ni lazima kuwe kwa haki. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliihukumu Uganda kwa kuvunja sheria katika nchi yetu, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru kulipa dola milioni 325. Nani aliyehukumiwa? Nchi ya Uganda, yaani serikali yake na jeshi lake. Mahakama haikumhukumu Mganda anayeuza vitambaa sokoni, wala mama aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka. Ikiwa majaji waliosoma hesabu ya maiti wetu walijua kutenganisha jeshi na mtu, sisi tulioshika rozari twashindwa kwa nini?

Tena tukumbuke yote, si yale tu ambayo sisi tulitendewa. Mwezi wa Aprili 1997, wakimbizi Wahutu kutoka Rwanda, maelfu kwa maelfu, walikuwa wamekaa Kasese na Biaro, kando ya reli iendayo Ubundu. Walikuwa wamekwenda kwa miguu kutoka Kivu, wamekonda, wagonjwa, wengi wao wanawake na watoto. Askari waliwashambulia na kuwaua. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaeleza kwamba baadhi ya watu wa mahali pale walichochewa, wakaingia kambini na mapanga pamoja na askari. Walikuwa wameambiwa kwamba wageni ndio wabaya wao. Hilo nalo lilitendeka si mbali na kengele zetu. Hatusemi hivi ili tumwaibishe mtu. Twasema ili ijulikane jinsi neno "mgeni", likishikwa na mchochezi, linavyompofusha hata mkulima mpole.

Sheria nayo yaweza kupofusha. Mwaka 1972 Serikali ya Zaire iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda na Urundi na kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikauondoa. Mtu alilala mwananchi, akaamka mgeni, naye hakuhama kitandani. Vita vya 1996 na 1998 vilikuwa na sababu nyingi, na nyingine zilitoka nje kabisa, lakini hiyo ilikuwa moja kati yake. Sheria ya Novemba 2004 imejaribu kurekebisha kosa: yeyote ambaye kabila lake lilikuwa ndani ya Kongo siku ya uhuru ni Mkongo wa asili. Yafaa tuilinde sheria hiyo. Uraia usiwe shati la kuazima, linalovuliwa mwenye nyumba akikasirika.

Mpaka hapa tumesema na wale wanaofunga mlango. Sasa tuseme na wengine, ambao hujiona wapole zaidi. Hao husema: "Mgeni na akae, lakini aache yote aliyokuja nayo. Aache lugha yake, nyimbo zake, jina lake, desturi zake. Awe kama sisi, ndipo tutampokea." Maneno haya yapendeza masikioni, lakini wazee wetu waliyaonja, nao walijua uchungu wake.

Zamani za Wabelgiji ilitungwa sheria ya tarehe 17 Mei 1952. Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa sawa na Mzungu mbele ya sheria alipaswa kuthibitisha kwamba amestaarabika. Alihojiwa yeye na nyumba yake. Walitazama anavyokula, anavyolala, anavyoishi na mke wake, kana kwamba utu hukaa katika uma na kisu. Lumumba mwenyewe aliomba kadi hiyo hapa mjini. Mara ya kwanza alikataliwa, akaipata mwaka 1954. Na baada ya miaka yote ile, katika nchi ya mamilioni ya watu, waliokubaliwa hawakuzidi mia chache. Mlango ulisemekana kuwa wazi, lakini kizingiti kiliinuliwa kila mtu alipokikaribia. Waliovumilia kupekuliwa hivyo wakaona kwamba hata baada ya kujivua desturi zao hawakupendwa. Basi wakadai uhuru.

Na walioumia zaidi walikuwa watoto. Watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kutoka kwa mama zao, kwa sababu Serikali ya koloni iliona kwamba damu yao haina mahali pa kukaa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu Serikali ya Ubelgiji kwa ajili ya wanawake watano waliotendewa hivyo utotoni, ikasema kwamba lilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Na sisi wa Kanisa tuseme kweli: wengi wa watoto wale waliwekwa katika nyumba za misioni. Maaskofu wa Ubelgiji wameomba msamaha. Ilikuwa wajibu wao, na ni wajibu wetu kutofanya tena kosa lile kwa jina jingine.

Twasema "kwa jina jingine" kwa maana mwaka 2021 ulipelekwa Bungeni muswada wa kutaka kiti cha Rais, na nafasi nyingine kubwa, viwe vya mtu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Wakongo. Waliouleta walisema wanailinda nchi. Lakini fikirini mtoto wa Mangobo ambaye mama yake ni Mkongo na baba yake ni Mgiriki au Mganda. Hajui nchi nyingine ila hii. Ameimba wimbo wa taifa shuleni. Mtamwambia nini? Kwamba yeye ni mwananchi nusu? Damu haina nusu ya uaminifu. Waliouza mali ya nchi hii, mara ngapi walikuwa na baba na mama wa hapa hapa!

Kanisa lilikutana na shauri hili tangu siku zake za kwanza. Watu wa mataifa walipoanza kuamini, baadhi ya Wayahudi walitaka kwanza watahiriwe na kushika desturi zote za Musa. Mitume walikutana Yerusalemu, wakashauriana, wakaamua kutowatwika mzigo huo. Waliwaomba machache tu, ili waweza kukaa pamoja. Na sisi tumekula matunda ya uamuzi huo. Kama wangeamua vingine, tungalazimika kuwa Wayahudi kabla ya kuwa Wakristo. Mwaka 1988 Roma ilipokubali Misa kwa desturi ya majimbo ya Zaire, ambamo twawaita wahenga wetu na kumsifu Mungu kwa ngoma na mwili mzima, ilikuwa njia ileile ya Mitume. Tulipokelewa bila kuvuliwa ngozi. Mbona sisi twataka kumvua mwenzetu?

Je, basi mgeni afanye apendavyo? La, hasha. Wako wageni wenye kosa, na hatutawabembeleza. Mfugaji wa Kimbororo anayeingiza ng'ombe katika shamba la muhogo la mjane wa Uele amekosa, hata akiwa maskini. Mfanyabiashara anayenunua viwanja kimya kimya kwa kumpa chifu pombe na kanga amekosa, hata akiwa Mkristo. Mtu anayekaa miaka kumi katika mtaa bila kujifunza kusalimu jirani kwa Kiswahili wala Lingala, asiyefika matangani wala kushika jembe siku ya salongo, asishangae akiitwa mgeni. Amejiita mwenyewe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hili kumwambia mgeni kwamba amekaa mno. Sisi twaona ndani yake hekima kubwa zaidi. Mzee aliyetoa jembe hakumwuliza mgeni damu yake, wala hakumwambia abadili jina. Alimpa kazi. Na mtu hawezi kulima hewani: aliyempa jembe alimwonyesha na mahali pa kulima. Hapo mgeni amepata wajibu na amepata nafasi, vyote viwili siku moja. Mkimpa jembe bila mahali, mmemfanya mtumwa. Mkimpa mahali naye akakataa jembe, ni mnyonyaji. Twadai vyote viwili viende pamoja, kwa kila mtu, awe ametoka Opala, Butembo, Kampala au Athens.

Basi, wasomaji wetu, tusiishie kutikisa kichwa. Katika jumuiya zetu ndogo, tuache kuandika kabila mbele ya jina la mtu anayeomba msaada. Mwenye nyumba ya kupanga aulize kodi na tabia, asiulize kijiji. Kijana wa Kimbole na msichana wa Kilengola wakitaka kuoana, wazazi wasiwazuie kwa ajili ya damu iliyomwagwa. Heri ndoa hiyo iwe mahali ambapo wazee wa pande mbili watakula lituma katika sahani moja. Jirani akiitwa ofisini juu ya kiwanja chake, na wewe wajua kwamba ni chake kwa haki, nenda ukatoe ushahidi, hata kama si wa kabila lako. Hasa kama si wa kabila lako. Na mchochezi akija na fedha na bia kwa vijana, akiwaambia ni nani wa kufukuzwa, wamwulize yeye swali letu la kwanza: wewe ni mtu wa wapi, na ni nani aliyekutuma?

Waliovuka mto mwaka 2023 walivuka wakitafuta mahali pa kulaza watoto. Wako watu wa mji huu waliowafungulia milango bila kuuliza neno, wakawapa mkeka na maji. Hao ndio wenyeji wa Kisangani. Mji ni wao, na ni wa kila mtu atakayefanya kama wao.